Mbegu ya Sitini na Nne

Mchana naandika risiti za saruji pale Nyawera:
mifuko kumi, mifuko mia, sahihi, muhuri.
Hesabu hizo zina mwenyewe, na mwenyewe si mimi.

Usiku, SNEL wakikumbuka kwamba Kadutu nayo ni mji,
nafungua kompyuta niliyoipata kwa mkono wa tatu
(kitufe cha M kimeng'oka, nabonyeza kishina chake kwa kalamu)
na naandika kitu ambacho hakuna aliyenituma.

Kisoro.
Mashimo thelathini na mawili, mbegu sitini na nne,
na upande wa pili mashini isiyokunywa kasiksi,
isiyosema "ngoja kwanza" huku inaficha mbegu kiganjani.
Haijui Mashi, Kiswahili haikijui,
lakini majina ya vitu imeniachia niyatoe mwenyewe,
nami nimeviita shimo, mkono, njaa.
Njaa ni zamu isiyo na mbegu ya kucheza.
Nilicheka peke yangu nilipoiandika.

Nsimire ananitazama juu ya sufuria la sombe.
"Na hiyo inazaa?"
Haizai.
"Kuna atakayeinunua?"
Hakuna.
"Ubao ule pale nyuma ya mlango,
mbegu zimo kwenye kopo la maziwa.
Kwa nini ufundishe bati mchezo wa watu?"

Mtoto anayekimbiza ringi ya baiskeli mteremkoni,
ukimwuliza anakwenda wapi,
atakuonyesha ringi.

Ila mbegu moja ilikuwa inapotea.
Naanza na sitini na nne, namaliza na sitini na tatu,
siku nyingine sitini na moja.
Usiku wa kwanza nikalaumu betri.
Wa pili nikasoma mistari yote, mia mbili na kumi,
kidole kwenye kioo, kama anayechambua mawe katika maharage.
Wa tatu nikaota mbegu zinateremka ngazi za Kadutu
kuelekea ziwani, moja moja, bila haraka,
nami nazifuata pekupeku, nahesabu, nakosea, narudia.

Jumamosi mvua ilikatika mapema.
Nilikuwa napanda na bidoni ya lita ishirini
nikakuta watoto wa Zihalirwa wanahesabu nyumba za kichochoro.
"Moja!" wakagonga mlango wetu.
"Mbili!" kwa mama Cibalonza.
Nikataka kuwaambia: hamkuanza mwanzo.
Kabla yetu palikuwa na nyumba.
Ilishuka na udongo mwaka ule mvua ilipogoma kuondoka;
wenyewe walikuwa wamelala kwa shemeji,
wako hai, wanauza makala Panzi.
Sasa pana migomba miwili na njia ya maji,
na kila anayehesabu huanza kwetu.

Nikatua bidoni.

Sifuri.
Mashini huanza kuhesabu penye sifuri,
mimi, kama watoto wale, nilianza kwenye moja.
Kila mkono uliozunguka ubao
uliangusha mbegu katika shimo nisilolihesabu.
Zilikuwa humo siku zote, zimetulia.
Hakuna aliyeziiba.

Nikabadilisha tarakimu. Moja tu.
Siku nne kwa tarakimu moja!
Kwenye saruji wangenifukuza kabla ya chakula cha mchana.
Nikatoka nje kunawa uso, nikarudi kuiangalia tena,
sitini na nne, sitini na nne,
nikaiendesha mara tisa kwa utamu tu.

Jana Nsimire alikaa kwenye kigoda changu.
Akacheza kwa kidole kimoja, amenuna,
akala mbegu kumi na moja za mashini kwa mkupuo,
hakutabasamu.
Kisha umeme ukaenda, betri ikasema asilimia nne,
kioo kikafa.

Gizani nikasikia kopo la maziwa linafunguliwa.
"Ilikuwa zamu yangu," alisema.
"Na lile shimo la pembeni, unaloliita sifuri,
lilikuwa na tatu.
Usinidanganye."